Ushindani wa mitandao ya kijamii inayolipa kwa sarafu za kidijitali

Mitandao ya kijamii inayolipa kwa sarafu za kidijitali ni tovuti na programu za simu ambazo huwalipa waandishi, wapiga picha na watengenezaji wa video kwa sarafu za kidijitali (huitwa pia sarafu mtandao au kripto) badala ya shilingi au dola. Tangu mwaka 2016 mitandao ya aina hiyo imeshindana kuvutia watumiaji. Baadhi imegawanyika, mingine imefungwa. Katika Afrika Mashariki ushindani huo umegusa hasa vijana wanaotafuta kipato kwa njia ya intaneti.

Chanzo

Katika mitandao ya kawaida kama vile Facebook, YouTube na Instagram, matangazo ya biashara ndiyo chanzo kikuu cha mapato. Kampuni huchukua mapato hayo na kumgawia mtengenezaji wa maudhui sehemu tu, tena akitimiza masharti. Kwa mfano, tangu mwaka 2018 YouTube ilimtaka mwenye chaneli awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo aanze kugawana mapato ya matangazo. Mtu anayeanza hupata shida kufikia kiwango hicho. Mitandao ya sarafu za kidijitali iliahidi kwamba hata andiko la kwanza linaweza kulipwa, na kwamba hakuna kampuni moja itakayoamua nani alipwe.

Namna inavyofanya kazi

Mitandao hiyo hutumia blokucheni, yaani daftari la kumbukumbu ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Programu hutengeneza sarafu mpya kila siku na kuzigawa. Msomaji akipenda andiko hulipigia kura, na kura nyingi humletea mwandishi malipo. Katika Steemit malipo hutolewa siku 7 baada ya andiko kuchapishwa, na wapiga kura nao hupata sehemu yao.

Hata hivyo kura hazilingani. Mwenye sarafu nyingi alizozifungia ndani ya mfumo ana kura yenye nguvu kuliko mwenye chache. Kwa sababu hiyo mtu mmoja tajiri anaweza kumpatia mwandishi malipo makubwa kuliko mamia ya wasomaji wa kawaida. Tena, sarafu zilizofungiwa hazitoki mara moja: katika mtandao wa Hive hutolewa kidogokidogo kwa muda wa wiki 13.

Historia ya ushindani

Steemit ilianzishwa mwaka 2016 na Ned Scott pamoja na Dan Larimer nchini Marekani. Sarafu yake, STEEM, ilipanda hadi kufikia takriban dola 8 mwezi Januari 2018, kisha ikaanguka. Mwezi Novemba 2018 kampuni hiyo ilipunguza asilimia 70 ya wafanyakazi wake. Mwandishi aliyekuwa na STEEM 100 mwanzoni mwa mwaka huo alikuwa na thamani ya karibu dola 800. Kama hakuziuza, mwishoni mwa mwaka hazikufika hata dola 50, ingawa idadi ya sarafu zake ilikuwa ileile.

Wapinzani walijitokeza mapema. DTube ilianza mwaka 2017 kwa ajili ya video. Minds, mtandao uliokuwapo kabla, ulianza kutumia sarafu yake mwaka 2018. Larimer mwenyewe aliondoka Steemit mwaka 2017. Kampuni yake mpya, Block.one, ilitangaza mwaka 2019 mtandao uitwao Voice na kununua anwani ya tovuti yake kwa dola milioni 30. Voice iligeuka kuwa soko la kazi za sanaa za kidijitali, na hatimaye ikafungwa.

Mgogoro mkubwa zaidi ulitokea mwaka 2020. Mwezi Februari Justin Sun, mwanzilishi wa Tron, aliinunua kampuni ya Steemit pamoja na hazina yake kubwa ya sarafu. Waendeshaji wa blokucheni waliogopa kwamba angetumia hazina hiyo kutawala kura zote, wakaizuia. Mwezi Machi masoko makubwa ya sarafu, yakiwemo Binance na Huobi, yalipiga kura kumsaidia Sun kwa kutumia sarafu zilizowekwa na wateja wao. Baada ya malalamiko Binance na Huobi waliondoa kura zao. Tarehe 20 Machi 2020 wapinzani walijitenga na kuanzisha Hive. Wenye STEEM walipewa kiasi kilekile cha sarafu mpya, isipokuwa hazina ya Sun na baadhi ya waliomuunga mkono. Tukio hilo lilionyesha kwamba mtandao usio na mwenyewe unaweza kupata mwenyewe, endapo kura zinanunulika.

Mahakama nazo zilihusika. LBRY, iliyoanzisha mtandao wa video wa Odysee, ilishtakiwa mwaka 2021 na mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani kwa kuuza sarafu bila usajili, na ikashindwa mwaka 2022.

Baadaye mitandao mikubwa iliiga wazo hilo. Reddit ilianza kugawa sarafu katika baadhi ya makundi yake mwaka 2020, ikaacha mwaka 2023. Tangu Machi 2024 Telegram huwapa wenye chaneli nusu ya mapato ya matangazo yanayotokea katika chaneli zao, na hulipa kwa Toncoin.

Katika Afrika Mashariki

Mitandao hii haina ofisi wala wakala vijijini. Mwandishi anayeishi Kiranjeranje, wilayani Kilwa, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi, anaweza kuandika kwa simu yake, lakini hawezi kununua unga dukani kwa HIVE. Hana budi kuipeleka sarafu kwenye soko la mtandaoni, kuibadilisha, kumpata mnunuzi atakayemtumia shilingi kwa simu, kisha kuzitoa kwa wakala. Kila hatua ina makato au hatari ya kutapeliwa, na gharama ya bando hutangulia malipo. Mkulima wa ufuta wa wilaya hiyo anayeuza kwa stakabadhi ghalani husikia bei mnadani kabla ya kukubali kuuza. Mwandishi hufanya kazi kwanza, na hajui malipo yake yatakuwa na thamani gani siku atakapoyatoa.

Sheria pia zimebadilikabadilika. Kanuni za maudhui mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kulipia leseni shilingi milioni 1. Nafasi yake ilichukuliwa na kanuni mpya mwaka 2020. Mwezi Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini. Mwezi Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa ujio wa sarafu hizo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya iliweka kodi ya kiwango hicho mwaka 2023 na kuiondoa mwaka 2025. Nchini Uganda, benki kuu ilizuia mwaka 2022 matumizi ya pesa za simu katika kubadilisha sarafu za kidijitali.

Kilwa yenyewe ina historia ndefu ya sarafu. Masultani wa Kilwa Kisiwani walitoa sarafu za shaba zenye majina yao, na nyingi zimepatikana Kilwa na kisiwani Mafia, ambako zilitumika. Sarafu za mitandao hii hukubalika ndani ya mtandao wenyewe na katika masoko ya mtandaoni. Mtandao ukifungwa au watu wakihama, mwandishi hubaki na sarafu ambazo huenda zisipate mnunuzi.