Tanzania: Vificho vya wawindaji wa Kihadzabe
Wahadzabe huishi kwa kuwinda na kukusanya vyakula vya porini karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Mwishoni mwa kiangazi, maji yanapoadimika, wanaume huvizia wanyama usiku wakiwa na upinde katika vificho vilivyo kando ya maji. Kificho chema huwa karibu na njia ya wanyama, mahali ambapo upepo hauwapelekei harufu ya mwindaji. Mnyama aliyepigwa mshale wa sumu hufuatwa kwa nyayo kunapopambazuka. Lakini mifugo ikijaa kwenye maji, wanyamapori huhama na kificho hakifai kitu. Kwa hiyo hati za ardhi za kimila, walizopata Wahadzabe wa Bonde la Yaeda mwaka 2011, zinagusa chakula chao.