MiG-21: ndege ya kivita iliyopita kasi ya sauti, na kwa nini Wahindi waliiita jeneza linaloruka

Tarehe 26 Septemba 2025, katika kambi ya jeshi la anga mjini Chandigarh, kaskazini mwa India, ndege za kivita za MiG-21 ziliagwa rasmi. India ilikuwa imezitumia tangu mwaka 1963. Tulipoisoma habari hiyo kwenye taarifa ya jioni, wasikilizaji wengi walituma ujumbe, na maswali yalikuwa hasa mawili: je, hii ndiyo ile MiG ya vita vya Kagera? Na kwa nini ndege ya jeshi iitwe jeneza? Muda wa hewani haukutosha, kwa hiyo tunajibu hapa kwa maandishi.

Tuanze na jina. MiG linatokana na majina ya wahandisi wawili wa Umoja wa Kisovieti, Artem Mikoyan na Mikhail Gurevich. Ile "i" ya katikati ni "na" kwa Kirusi. Ofisi yao ndiyo iliyotengeneza MiG-15 iliyopambana na ndege za Marekani katika vita vya Korea, 1950 hadi 1953. Baada ya vita hivyo, hofu kubwa ya Moscow ilikuwa ndege kubwa za Marekani zinazobeba mabomu ya nyuklia. Ikatakiwa ndege ndogo na nyepesi, ipae upesi, ielekezwe na watu wa rada walioko ardhini, imfikie adui, ipige, kisha irudi nyumbani. Shika hapo msikilizaji, maana uzuri na ubaya wote wa MiG-21 unatoka kwenye agizo hilo.

Wahandisi hawakukubaliana mapema juu ya umbo la mabawa. Wakatengeneza ndege za majaribio za aina mbili: moja mabawa yamelazwa nyuma kama ya mbayuwayu, nyingine mabawa ya pembetatu. Ya pembetatu iliruka mara ya kwanza Juni 1955 na ndiyo iliyochaguliwa. Mwaka 1959 MiG-21 ikaanza kuingia jeshini. Ni ndege fupi. Urefu wake hauzidi mita 16, yaani hauzidi sana basi la mkoani, na mabawa toka ncha hadi ncha ni mita saba na kidogo. Injini moja, rubani mmoja. Puani kuna tundu la kuingizia hewa, na katikati ya tundu kuna kitu kama pia kinachosogea mbele na nyuma. Kazi yake ni kuipunguza kasi hewa kabla haijafika kwenye injini, kwa sababu injini haiwezi kumeza hewa inayoingia kwa kasi kuliko sauti.

Na kasi ya sauti ni kiasi gani? Karibu na ardhi ni kama kilomita 1,200 kwa saa. Juu sana, kwenye baridi kali, inashuka hadi kama 1,060. Huko juu MiG-21 ilifika kama kilomita 2,175 kwa saa, mara mbili ya sauti. Ndege ikienda hivyo, sauti yake haiwezi kuitangulia. Fikiria boti ya injini ziwani: boti imeshapita, wewe umesimama ufukweni, ndipo wimbi linapokufikia miguuni. Kishindo cha ndege hizi ni wimbi la namna hiyo, ila ni la hewa. Linakufikia ndege ikiwa imeshapita, na linatembea nyuma yake njia nzima, si mara moja tu kama wengi wanavyodhani. Wachunga ng'ombe mnakijua kishindo hiki bila kujua. Mlio wa mjeledi unatokea pale ncha yake inapoipita kasi ya sauti.

Silaha yake kuu ya mwanzo ina kisa chake. Septemba 1958 marubani wa Taiwan, wakiwa na makombora mapya ya Kimarekani yanayofuata joto la injini, walipambana na ndege za China. Kombora moja lilimpata Mchina likakwama kwenye mwili wa ndege bila kulipuka. Akatua nalo. China ikawapa Wasovieti, wakalifungua kipande kwa kipande, wakatengeneza lao, K-13. Hilo ndilo MiG-21 iliyoingia nalo vitani.

Zilitengenezwa zaidi ya 11,000, na hakuna ndege nyingine ya kivita inayopita kasi ya sauti iliyotengenezwa kwa wingi huo. Sababu ni kwamba ilikuwa nafuu na haina mambo mengi, na Moscow iliwauzia marafiki zake kwa masharti mepesi. Vietnam Kaskazini, Misri, Syria, Iraki, Cuba, Ethiopia, Somalia, Angola, Uganda, zote zilikuwa nayo. Nchi isiyo na kiwanda hata cha baiskeli iliweza kuwa na ndege ya mara mbili ya sauti. Matokeo yalitofautiana. Vietnam iliwasumbua sana Wamarekani kwa kuwavizia, kupiga mara moja na kukimbia, jinsi ndege ilivyokusudiwa. Misri ilipoteza nyingi asubuhi moja, tarehe 5 Juni 1967, zikiwa zimeegeshwa, kwa sababu Waisraeli waliwahi kabla hazijapaa. Mwaka mmoja kabla yake, Agosti 1966, rubani wa Iraki, Munir Redfa, alikuwa ametoroka na MiG-21 hadi Israel, na siri zake nyingi zikaishia hapo. Katika vita vya Ogaden mwaka 1977, MiG za Somalia zilizidiwa na F-5 za Ethiopia, ndege ya Kimarekani ambayo Kenya nayo iliinunua miaka hiyo hiyo.

Sasa swali la Kagera. Jeshi la Idi Amin lilikuwa na MiG-21 pamoja na MiG-17 ambazo ni za zamani zaidi. Makomando wa Israel walipokuja Entebbe Julai 1976 kuokoa mateka, waliziharibu MiG kadhaa pale pale uwanjani ili zisiwafukuze. Zilizokuwepo baadaye ndizo zilizotumika dhidi ya Tanzania. Oktoba 1978 MiG za Uganda zilidondosha mabomu Bukoba. Mabomu hayakuharibu sana, lakini mshindo ulipasua vioo vya madirisha mjini. Kwa watu waliokuwa chini zote ziliitwa MiG tu, kwa hiyo mzee akikusimulia habari hizo, huenda aliiona ya 17 na si ya 21.

Tuje kwenye jeneza. India iliipenda ndege hii kuliko karibu nchi zote, ikaiunda yenyewe katika kiwanda chake cha Nashik, na katika vita vya 1971 na Pakistan ilifanya kazi kubwa. Desemba mwaka huo MiG-21 zilipiga nyumba ya gavana mjini Dhaka, na siku mbili baadaye jeshi la Pakistan huko likasalimu amri. Tatizo lilikuja wakati wa amani. Mabawa yale madogo ya pembetatu yanafaa kwa kasi, ila mwendo ukipungua hayaishiki ndege vizuri. Kwa hiyo ilitua kwa karibu kilomita 300 kwa saa, na rubani haoni vizuri mbele yake. Mafuta yanatosha chini ya saa moja, kwa hiyo kurudia mara nyingi kutua ni anasa. Injini ikizima, hakuna nyingine.

Rubani mzoefu aliweza. Lakini vijana wa India walitolewa kwenye ndege za mafunzo za mwendo mdogo, wakapandishwa moja kwa moja kwenye MiG-21. Jeshi liliomba ndege ya katikati ya kujifunzia kwa takribani miaka ishirini. Mkataba wa kununua Hawk za Uingereza ulisainiwa mwaka 2004, na zikaanza kazi 2008. Kwa maoni yangu, hapo ndipo lawama nyingi zinapostahili kwenda, kuliko kwa Mikoyan. Mwaka 2012 waziri wa ulinzi A. K. Antony aliliambia bunge kwamba kati ya ndege 872 za MiG ambazo India ilinunua, zaidi ya nusu zilikuwa zimeanguka, marubani 171 na raia 39 wakafa. Wapenzi wa filamu za Kihindi mtakumbuka Rang De Basanti ya mwaka 2006: chanzo cha hasira za wale vijana ni rafiki yao rubani aliyekufa kwenye MiG.

Mei 2023, huko Rajasthan, rubani aliruka na parachuti akapona. Ndege yake iliangukia nyumba kijijini na kuua wanawake watatu.

China nayo ilipewa kibali cha kuiunda mwaka 1961, ikagombana na Moscow, ikaendelea peke yake. Ndege yao inaitwa J-7, na ya kuuzwa nje F-7. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoinunua, pamoja na Zimbabwe, Namibia, Nigeria na Sudan. China iliacha kuitengeneza mwaka 2013. Ndege za mwisho zilikwenda Bangladesh, na mojawapo ya F-7 za huko, ikiwa kwenye mazoezi tarehe 21 Julai 2025, iliangukia shule mjini Dhaka wakati wanafunzi wakiwa ndani. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wao watoto. Rubani naye alikufa.