Kutoka Leja hadi Mfumo: Historia Fupi ya Kazi na Neno Lake

Mwananchi afikaye leo katika ofisi ya umma, iwe Dar es Salaam au Segese katika Wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, huenda akajibiwa kwa maneno mawili tu: "Mfumo unasumbua." Jibu hilo halimwelezi kama umeme umekatika, mtandao haupatikani, programu ina kasoro, au karani hajafundishwa kazi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mazoea ya kutwika kitu kimoja lawama zote yana historia ndefu nchini.

Kompyuta ya kwanza Tanzania, ya aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia mwaka 1974 kompyuta nchini zilikuwa saba. Katika kipindi hicho ilijaribiwa kazi kubwa ya kuhamishia hesabu za Serikali katika kompyuta. Kazi hiyo ilikwama. Wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, maandalizi yalikuwa hafifu, na tegemeo lilikuwa kwa wageni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali maalumu. Yafaa ieleweke kwamba kilichoshindwa ni namna ya kuhama. Kilichoadhibiwa ni mashine.

Wakati huo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lilikuwa bado changa, na Kiswahili kilikuwa kimeanza tu kuagizwa kitumike katika shughuli za Serikali. Mhasibu aliyezoea leja hakuwa na istilahi za lugha yake za kuulizia hatua za mabadiliko yale. Hatusemi kwamba maneno peke yake yangaliiokoa kazi ile. Twasema kwamba asiye na jina la hatua hawezi kuuliza kama hatua hiyo imefanyika.

Baada ya marufuku kulegezwa, kompyuta zilirejea kwa wingi, na ofisi zikahama tena. Hesabu za Serikali ziliingizwa katika programu ya kigeni iitwayo Epicor, na tangu mwaka 2019 nafasi yake ikaanza kuchukuliwa na MUSE, yaani Mfumo wa Ulipaji Serikalini, uliotengenezwa nchini na kupewa jina la Kiswahili. Mwaka 2017 zahanati, vituo vya afya na shule za umma zilianza kuingizwa katika FFARS, mfumo wa hesabu za vituo ambao jina lake ni herufi za maneno ya Kiingereza. Basi uhamaji uliokuwa wa Hazina umekuwa wa muuguzi na mwalimu mkuu wa kijijini.

Watu wa ukanda wa dhahabu wametutangulia katika jambo hili. Wachimbaji wadogo huita shimo lao *duara*, mashine ya kusagia mawe *karasha*, na mahali pa kuoshea dhahabu *mwalo*, neno litumiwalo pia na wavuvi wa Ziwa Viktoria. Moja limekopwa Kiingereza, mawili yamepanuliwa maana. Yote yanaeleweka, kwa kuwa kila kituo cha kazi kina jina lake. Mchimbaji hasemi "mgodi unasumbua" ikiwa karasha ndiyo iliyoharibika.

Neno *mfumo* lenyewe limetokana na kitenzi *kufuma*. Uzi ukikatika, mfumaji hutafuta uzi uliokatika. Halaumu nguo nzima. Hivyo twapendekeza kwamba ofisi inayohama itenganishe *mashine*, *programu*, *mtandao* na *mfumo*, hilo la mwisho likiwa utaratibu mzima wa kazi pamoja na watu wake. Hatua za kuhama nazo zitajwe: *uhamishaji wa taarifa*, *nakala ya akiba*, itunzwayo kwa dharura, *uendeshaji sambamba*, ambapo leja na kompyuta hutumika pamoja hadi majibu yalingane, na *ufungaji wa leja*, unaofuata baada ya hapo.

Walimu na wafasiri hawana budi kuyazoeza maneno haya. Mgonjwa wa Segese aliyerudishwa nyumbani anastahili kuambiwa ni uzi gani uliokatika, na ni nani atakayeuunga.