Nafasi na Mandhari: Kiandutu katika Msamiati wa Uhakiki

Mhakiki wa Kiswahili atakapo kueleza pale matukio ya hadithi yatendekapo hutumia neno mandhari, na ni nadra ajiulize neno hilo lilikotoka. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutazama. Mandhari, basi, ni kile kionwacho na mtu aliyesimama kando. Nafasi nalo limetoka Kiarabuni, lakini kwa mzizi mwingine kabisa: nafas ni pumzi, na nafsi ni nduguye. Mwenye nafasi, kwa asili ya neno, ni yule awezaye kuvuta pumzi.

Kamusi ya Madan ya mwaka 1903 tayari ilikuwa imelikusanyia neno hili maana za upana, wakati, fursa na faraja. Baadaye likaingia ofisini (nafasi ya kazi) na mashindanoni (nafasi ya tatu), hata utingo wa matatu ya Thika akalinadi akibakiwa na kiti kimoja. “Mwenye nafasi” akawa mtu aliyejaliwa mali. Kuhusu anga hatutakawia: tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, na magazeti yakazoea kusema “anga za juu”. Huko juu nafasi haikuwa haba.

Huku chini, mjini Thika, mambo ni mengine. Kiandutu ni mtaa wa mabanda yaliyosongamana katika mji unaopakana na mashamba makubwa ya mananasi. Uhaba wa nafasi hapo hauwezi kuelezwa kwa uhaba wa ardhi. Jina lenyewe ni la Kikikuyu, na husemwa kuwa maana yake ni mahali pa funza. Mdudu huyo aliletwa na meli kutoka Brazili hadi pwani ya Angola mwaka 1872, akavuka bara na kufika Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Ikiwa maana hiyo ni sahihi, jina haliwezi kuwa la kale sana. Tena ni jina lililotungwa na aliyeumwa wayoni. Mtazamaji wa mbali asingeuona mdudu mdogo kiasi hicho.

Hapa ndipo tahakiki zetu nyingi za riwaya za mijini zinapopwaya. Mtaa wa mabanda hupewa aya moja ya “mandhari”: matope, moshi, mabati, kisha mhakiki huyo akahamia kwa wahusika, kana kwamba mabati hayana sehemu katika nafsi zao. Sarufi yetu yenyewe ingemwongoza vyema zaidi. Neno mahali, lililokopwa Kiarabuni, lilipokewa katika ngeli ya Kibantu ya PA, nayo ina wenzake KU na MU. Kiandutu pana watu: tunapaonyesha kwa kidole. Kiandutu kuna watu: tunakutaja tu, bila kukubainisha. Kiandutu mna watu: tumo ndani, au tunamsikia aliyemo. Tasnifu nyingi nilizozisoma kuhusu fasihi ya mitaa ya mabanda zimeandikwa kwa PA na KU. Mwanafunzi atakayeisoma riwaya ya aina hiyo kwa MU atalazimika kuuliza banda lina mlango upande gani, wangapi hulala humo, na nani hutoka nje ili mwenzake apate nafasi ya kuvaa.