Mbawakawa wa Misonobari

Mbawakawa wa misonobari (Dendroctonus ponderosae) ni mdudu mweusi mwenye urefu wa milimita 5 hivi, anayeishi katika misitu ya magharibi mwa Amerika Kaskazini. Jike hutoboa gome la msonobari, huchimba njia chini yake na kutaga mayai. Harufu anayoitoa huwavuta wenzake. Mti hujikinga kwa utomvu, lakini huzidiwa wadudu wanapokuwa wengi. Mabuu hula tabaka laini la chini ya gome linalosafirisha chakula cha mti, na kuvu wa buluu wanaoletwa na mbawakawa huziba njia za maji. Mti hufa, na mwaka unaofuata majani yake huwa mekundu.

Mlipuko ulioanza miaka ya 1990 katika jimbo la British Columbia, Kanada, uliathiri hekta zipatazo milioni 18. Ulichochewa na majira ya baridi yasiyo makali ya kutosha kuua mabuu, na wingi wa misonobari iliyozeeka baada ya mioto ya msituni kuzimwa kwa miongo mingi. Udhibiti hutegemea kukata na kuchoma mapema miti iliyoshambuliwa, na kupunguza msongamano wa miti.