Wanne wa Colito

Katikati ya mwezi wa Mei 1941, siku zile zile ambazo mtawala mkuu wa Wataliana katika Uhabeshi, Duke wa Aosta, alikuwa akisalimu amri huko kaskazini katika milima ya Amba Alagi, vita vya kusini, penye nchi ya maziwa, vilikuwa bado vikali, na mvua ilikuwa imezigeuza njia kuwa matope. Mnamo tarehe 19, karibu na mahali paitwapo Colito, kombania mbili za Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika wa Afrika Mashariki, zilikuwa zimekwisha kuvuka mto wa Bilate kwa taabu kubwa na kujishikiza ng'ambo, maji yakiwa nyuma yao na adui mbele yao, wala hawakuwa na silaha hata moja ya kutoboa chuma cha kifaru. Ndipo vifaru vya Wataliana vilipotokeza ghafula ubavuni, na kimoja kikazunguka hata kikawa nyuma ya askari.

Kombania hizo zilikuwa za batalioni ya 1/6, ya watu wa Tanganyika, wa kikosi kilichoundwa mwishoni mwa Vita Vikuu vya kwanza, ambacho baadhi ya askari wake wa mwanzo walikuwa wamewahi kumtumikia Mjerumani. Miongoni mwa masajini wake alikuwamo Mzungu mzaliwa wa Kenya, Nigel Gray Leakey, mwenye umri wa miaka 28, wa ukoo ule ule wa Louis Leakey, mchimbuzi wa mabaki ya kale. Huyu, alipoona ya kuwa kungoja ni kuangamia, alikikimbilia kile kifaru cha nyuma, akakirukia juu huku risasi zikimiminika kutoka kila upande, akakifungua kwa nguvu kifuniko cha juu, akampiga bastola mkuu wake na waliokuwamo pamoja naye, ila dereva peke yake, ambaye alimlazimisha akiendeshe mpaka mafichoni. Hapo alijaribu kuutumia mzinga wa kifaru dhidi ya wenyewe, mzinga ukakataa. Basi akateremka, akapaza sauti kwamba atawaendea adui kwa miguu, akaingia katika uwanja uliokuwa ukifagiliwa na bunduki za rashasha.

Hakuenda peke yake. Alifuatana na sajini meja mmoja Mwafrika wa kombania na askari wawili, wote wanne wakivinyemelea vifaru kama wawindaji, hali hawana ngao ila majani na mashimo ya ardhi. Viwili vya kwanza viliwapita. Cha tatu Leakey alikirukia, akakifungua, akamwua mmoja wa waliokuwamo, kabla kifaru cha nne hakijamfyatulia risasi na kumwangusha chini, akafa. Adui waliovurugika kwa mambo hayo walishindwa kuikamilisha hujuma yao, na batalioni, iliyokuwa ukingoni mwa maangamizi, ikasalimika.

Nishani ya Victoria Cross, ambayo kwa ushujaa wa vitani hakuna iliyo juu yake katika majeshi ya Mwingereza, ilitangazwa kwa jina lake tarehe 15 Novemba 1945, baada ya miaka minne na nusu. Aliistahili, wala mwenye insafu hawezi kumpunguzia hata chembe ya haki hiyo. Lakini tangazo lile lile, lililoeleza kifaru kimoja baada ya kimoja, liliwataja wenzake watatu kwa vyeo vyao tu, bila majina. Mtu aliyekiona chuma kile kikimjia, akijua ya kuwa bunduki yake haiwezi kukidhuru, kisha akainuka na kwenda, amefanya jambo kubwa mno, naye ana haki ya kuitwa kwa jina alilopewa na wazee wake.

Wala haikuwa ajali ya karani mmoja. Tangu mwanzo wa karne hiyo askari Waafrika wa Keya walikuwa na nishani yao ya ushujaa iliyotengwa mbali na ya Waingereza, na utengano huo ulidumu mpaka mwaka 1942. Na katika vita vyote vile hapakuwa na Mwafrika wa Keya aliyevishwa Victoria Cross. Aidha, huko Nairobi, tangu mwaka 1928, zilikuwa zimesimama sanamu za shaba za Mwarabu, mpagazi na askari, kuwakumbuka waliokufa katika vita vya kwanza, na maandishi yake yakamwahidi apiganaye kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Dar es Salaam nako iko sanamu ya namna hiyo, iliyozinduliwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na ile ya Wissmann, gavana wa zamani wa Kijerumani. Maelfu ya watu wakafumbatwa katika sura moja nzuri isiyo na jina, na ile ahadi ikaachiwa wana wao waitimize wenyewe.

Jina la Leakey limeandikwa katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, kwa kuwa kaburi lake halijulikani. Batalioni yake haikupata wasaa wa kuomboleza: siku tatu baada ya kifo chake mji wa Soddu ulitekwa, mwezi wa Juni ule wa Jimma ukafuata, na mwaka 1942 watu wale wale wa Tanganyika wakapakiwa merikebuni kwenda kupigana Madagaska.