Matengenezo madogo ya simu janja (Fizi na Baraka)

Matengenezo madogo ya simu janja ni urekebishaji wa sehemu zinazochakaa upesi (tundu la chaji, spika, maiki, vitufe vya pembeni, kishikio cha laini) kwa vifaa vya nyumbani. Katika eneo la Fizi, Kivu Kusini, na hasa Baraka, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, mwenye simu hujaribu mwenyewe kabla ya kwenda kwa fundi. Vipuri huja kwa barabara ya Uvira au kwa boti, na masika barabara hiyo haitabiriki.

Tundu la chaji

Hapa ndipo penye hitilafu nyingi. Simu ikikaa mfukoni au kwenye pindo la kitenge, nyuzi na vumbi huingia tunduni, na kila waya unapochomekwa huzishindilia hadi zikawa kama kitambaa kigumu. Waya haukai tena mpaka uegemezwe na kitu. Wengi hulaumu tundu wakati mbovu ni waya, hivyo hujaribiwa kwanza waya mwingine.

Simu huzimwa. Njiti ya kiberiti huchongwa kwa wembe iwe bapa, kisha uchafu huchokonolewa polepole kutoka pembeni kuja nje. Sindano ni ya haraka, na ndiyo inayoua simu nyingi: Micro-USB ina miguso 5 juu ya ulimi mwembamba, USB-C ina hadi 24, na ncha ya chuma huikunja. Miguso hiyo kwa kawaida hupakwa utando wa dhahabu. Utando huo ukikwanguliwa, kutu huanza. Kutu ya kijani husuguliwa kwa mswaki laini uliotiwa spiriti kidogo, na simu haiwashwi mpaka spiriti ikauke. Tundu lililong'oka kwenye kibao ni la fundi mwenye chuma cha kulehemu.

Simu iliyoingia maji

Ajali ya kawaida kwa wavuvi na wasafiri wa boti. Simu huzimwa papo hapo, betri na laini hutolewa ikiwezekana, na simu hukaushwa kivulini penye upepo. Kuifukia kwenye mchele ni imani tu: mchele hauyafikii maji yaliyo ndani, na unga wake huziba matundu. Kuianika juani juu ya mchanga huharibu betri.

Spika na maiki

Mswaki mkavu, simu ikiwa imeinamishwa ili vumbi lidondoke. Kitundu cha maiki hakichomwi.

Kishikio cha laini

Laini inayopoteza mtandao simu ikitikiswa hubanwa kwa kipande cha karatasi mgongoni.

Betri

Iliyovimba haitoboliwi wala kubinywa, hubadilishwa.

Umuhimu

Kwa watumiaji wa M-Pesa na Airtel Money, simu isiyochaji ni pesa isiyofikika.